Jicho Jekundu: Mwongozo Kamili wa Kutambua Chanzo, Kulipima na Kulitibu

Jicho huwa jekundu kwa sababu mishipa midogo ya damu iliyo juu ya sehemu yake nyeupe imetanuka, au mmojawapo umepasuka na kuvujisha damu chini ya utando. Kilichosababisha hali hiyo, hata hivyo, kinaweza kuwa vumbi lililoingia mchana, virusi vitakavyokwisha vyenyewe baada ya wiki mbili, au presha ya ndani ya jicho iliyopanda ghafla, ambayo ikiachwa kwa saa au siku chache huua mshipa wa fahamu wa kuonea. Wekundu wenyewe hausemi ni kipi kati ya hivyo, na ukali wake hudanganya: damu iliyovia chini ya utando hutisha kuitazama ilhali kwa kawaida haina madhara, na kidonda kinachoweza kulipofusha jicho huanza mara nyingine kwa wekundu hafifu tu. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na dawa. Unaanza na mambo manne, yaani uwezo wa kuona, maumivu, kuumizwa na mwanga, na hali ya konea pamoja na mboni, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atatibiwa nyumbani, atakwenda kliniki kesho, au atapelekwa hospitali sasa hivi.

Sehemu za jicho zitakazotajwa

Sehemu nyeupe ni ukuta mgumu wa jicho uitwao sklera. Juu yake umetandazwa utando mwembamba unaong'aa, konjaktiva, ambao hugeuka na kufunika pia upande wa ndani wa kope. Mbele kabisa ipo konea, kioo kisicho na rangi kinachopitisha mwanga, na nyuma yake ipo airisi, yaani duara lenye rangi, ambalo katikati lina tundu jeusi tuliitalo mboni. Konea haina mishipa ya damu, lakini imejaa mishipa ya fahamu kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Jambo hilo linaeleza mengi: ugonjwa unaoishia kwenye konjaktiva huwasha na kukera, bali ule unaoigusa konea huchoma na kumfanya mgonjwa ashindwe kufumbua jicho penye mwanga.

Hatua ya kwanza: ondoa dharura zisizongoja

Kemikali ikiingia jichoni, usipoteze muda kuuliza maswali wala kutafuta usafiri. Osha kwanza, kwa maji yoyote safi yaliyo karibu, mfululizo kwa muda usiopungua dakika 30, huku kope zikishikiliwa wazi na mgonjwa akizungusha jicho juu, chini na pembeni. Lenzi ya kuvaa jichoni, kama ipo, itolewe. Chembe za chokaa au saruji hujificha chini ya kope ya juu na kuendelea kuunguza hata baada ya lita nyingi za maji kupita, kwa hiyo kope hiyo ni lazima igeuzwe na chembe ziondolewe kwa pamba iliyoloweshwa. Chokaa, saruji, amonia na dawa za kuzibulia mabomba zina ubesi, na ubesi huyeyusha mafuta ya tishu na kuzama ndani zaidi, wakati asidi nyingi hugandisha protini za juu na hivyo kujizuia zenyewe. Usijaribu kuizima asidi kwa kitu chenye ubesi, wala kinyume chake, kwa maana joto linalotokea huongeza jeraha. Hospitalini uoshaji huendelea mpaka karatasi ya kupimia asidi ionyeshe kiwango cha kati ya 7 na 7.5. Kuna jambo moja hapa linalowapotosha wengi: jicho lililounguzwa vibaya na ubesi linaweza kuonekana jeupe kuliko lililounguzwa kidogo, kwa sababu mishipa yake ya damu imekufa. Weupe huo ni ishara mbaya.

Dharura ya pili ni kitu kilichopenya. Mtu aliyekuwa akigonga chuma kwa nyundo au kutumia mashine ya kusaga vyuma, akasikia kitu kimempiga jichoni, achukuliwe kuwa ana kipande ndani ya jicho mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama anaona vizuri. Mboni iliyovutwa upande mmoja mithili ya tone la maji huashiria kwamba ukuta wa jicho umetoboka. Jicho la namna hiyo halioshwi, halibonyezwi wala haliwekewi mafuta ya dawa. Hufunikwa kwa kitu kigumu kisicholigusa, kwa mfano kitako cha kikombe cha karatasi kilichobandikwa kwenye mifupa inayolizunguka, na mgonjwa asile wala asinywe mpaka aonwe na daktari, kwani huenda akahitaji upasuaji. Hospitalini kipande hicho hutafutwa kwa eksirei au kwa skani ya CT. Kipimo cha MRI hakitumiki, kwa sababu sumaku yake inaweza kukisogeza chuma ndani ya jicho.

Ya tatu ni presha ya jicho inayopanda ghafla. Kwa kawaida mgonjwa ni mtu wa makamo au mzee. Jicho moja linamuuma vikali, kichwa kinamgonga upande huohuo, anaona duara za rangi kuzunguka taa, na mara nyingi anatapika. Kutapika huku kumewafanya wagonjwa wengi watibiwe tumbo au kipandauso huku jicho likiharibika. Konea huwa na ukungu, mboni imepanuka kiasi na haisinyai ikimulikwa, na jicho likiguswa kupitia kope iliyofumbwa ni gumu waziwazi likilinganishwa na lenzake. Presha ya kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki, na katika hali hii mara nyingi hupita 40. Hospitalini mgonjwa hupewa dawa za kushusha presha hiyo, yaani asetazolamaidi, matone ya timololi na ya pilokapini, kisha airisi hutobolewa kwa leza ili maji ya ndani yapate njia. Jicho la pili nalo hutobolewa, kwa sababu umbo lake ni lilelile.

Ya nne ni mtoto mchanga, aliye chini ya siku 28, mwenye macho yaliyovimba na kutoa usaha. Usaha mwingi unaoanza kati ya siku ya pili na ya tano baada ya kuzaliwa huelekeza kwenye kisonono, nao unaweza kutoboa konea katika siku chache. Unaoanza kati ya siku ya tano na ya kumi na nne huwa mara nyingi ni wa klamidia, ambayo pia huweza kuleta nimonia. Maambukizi hayo mawili hayatibiwi kwa matone peke yake: la kwanza huhitaji sindano ya antibayotiki, la pili dawa ya kunywa, na wazazi wote wawili hutibiwa. Mnamo 1881 daktari Carl Credé wa Leipzig alichapisha matokeo ya kuwawekea watoto wachanga tone la nitrati ya fedha, na hospitalini kwake ugonjwa uliokuwa ukimpata takriban mtoto 1 kati ya 10 ukawa nadra mno. Leo mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1, yakiwekwa ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, hufanya kazi hiyohiyo.

Ongeza kwenye orodha ya dharura jicho jekundu lenye maumivu la mtu anayevaa lenzi, na la mtu aliyefanyiwa upasuaji wa jicho katika wiki chache zilizopita. Kwa huyu wa pili hofu ni bakteria kuota ndani ya jicho, na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kuokoa uoni.

Hatua ya pili: uliza kabla ya kushika tochi

Ikiwa hakuna dharura yoyote kati ya hizo, uliza taratibu. Tatizo lilianza lini, na ni jicho moja au yote mawili? Macho mawili yaliyoanza kuwasha kwa pamoja huelekeza kwenye mzio. Jicho moja likifuatwa na la pili baada ya siku chache huelekeza kwenye virusi, na jicho moja linalobaki peke yake kwa siku nyingi halipaswi kuitwa "macho mekundu ya kawaida" bila kupimwa vizuri. Uliza kama kinachotoka ni maji, ute wa kuvutika au usaha unaogandisha kope asubuhi. Tenganisha kwa makini hisia ya mchanga jichoni na maumivu hasa, yale yanayomwamsha mgonjwa usiku. Uliza kuhusu mwanga, kuhusu uoni, kuhusu kazi anayoifanya, kuhusu watu wa nyumbani wenye dalili kama zake, na kuhusu magonjwa mengine: maumivu ya viungo, mgongo unaokakamaa asubuhi, kifua kikuu, kaswende, virusi vya UKIMWI, usaha sehemu za siri.

Swali linalosahaulika mno ni dawa ambazo mgonjwa ameshaziweka. Si ajabu kukuta jicho limekwisha kuwekewa matone ya jirani, maji ya chumvi ya kukadiria, maziwa ya mama, majimaji ya majani au hata mkojo. Vitu hivi huingiza vijidudu au huunguza konea, na mkojo wa mtu mwenye kisonono unaweza kuhamisha ugonjwa huo moja kwa moja hadi jichoni. Muulizaji asikemee, kwa kuwa mgonjwa aliyekemewa huficha, na daktari hubaki akitibu ugonjwa asioujua.

Hatua ya tatu: pima uwezo wa kuona

Kipimo hiki hufanywa kabla ya dawa yoyote kuwekwa, kila jicho peke yake, mgonjwa akiwa na miwani yake ya kuonea mbali kama anayo. Kliniki hutumia chati ya herufi, ambayo asili yake ni ile aliyoibuni Herman Snellen mwaka 1862, inayosomwa kwa umbali wa mita 6. Mahali pasipo na chati, maandishi ya kalenda ukutani yanatosha, mradi macho yote mawili yasome maandishi yaleyale kutoka umbali uleule. Jicho jingine lifunikwe kwa kiganja bila kulikandamiza. Mgonjwa akisema anaona ukungu, mwambie apepese macho mara kadhaa: ukungu unaosababishwa na ute huondoka, na ule wa konea au wa ndani ya jicho hubaki. Uoni uliopungua na usiorudi kwa kupepesa unatosha kumpeleka mgonjwa kwa mtaalamu wa macho siku hiyohiyo, hata kama sababu yake haijajulikana.

Hatua ya nne: tazama kwa mpangilio

Nawa mikono kwa sabuni, kisha tumia tochi yenye mwanga mzuri. Anza na mtawanyiko wa wekundu. Wekundu uliotapakaa na unaozidi kadiri unavyoelekea kwenye kope ni wa konjaktiva. Wekundu uliojikusanya kama pete kuizunguka konea, ukifuatana na maumivu, hutoka ndani zaidi, na hiyo ndiyo dalili ambayo ningetaka kila anayeuza au kuandika dawa za macho aijue. Doa jekundu tupu lisiloonyesha mishipa, lenye mipaka inayoonekana wazi, ni damu iliyovia. Wekundu wa kipande kimoja tu cha jicho unaweza kuwa uvimbe mdogo wa juu ya sklera.

Hamia kwenye konea. Ikiwa nzima, mwanga wa tochi huakisiwa juu yake kwa ukali na bila kuvunjika. Doa jeupe au la kijivu juu yake, kwenye jicho jekundu linalouma, ni kidonda mpaka ithibitike vinginevyo. Mhudumu mwenye rangi ya fluoresini huigusisha ndani ya kope ya chini kisha humulika kwa mwanga wa bluu: sehemu yoyote iliyochubuka hung'aa kijani. Mchubuko uliofuata kucha au tawi huonekana kama mstari au kiraka, na kidonda cha virusi vya tutuko (herpesi, vile viletavyo malengelenge mdomoni) huchora matawi yanayoishia kwa vinundu vidogo. Hakuna kipimo kingine cha bei nafuu kinachobadilisha uamuzi mara nyingi kama hiki.

Tazama mboni zote mbili. Mboni ndogo isiyo ya duara kamili huonyesha uvimbe wa airisi, na iliyopanuka bila kusinyaa huonyesha presha iliyopanda. Mulika pia jicho lisilo na tatizo: mgonjwa akisema jicho bovu ndilo linalouma wakati wewe unamulika lenzake, airisi imevimba, kwa kuwa mboni mbili husinyaa pamoja na ile ya jicho bovu hulazimika kusogea.

Mwisho geuza kope ya juu, isipokuwa pale unaposhuku kwamba jicho limetoboka. Mgonjwa atazame chini, shika nywele za kope na uzivute kidogo mbele, kandamiza taratibu kwa kijiti cha pamba sentimita moja hivi juu ya ukingo wa kope, kisha ikunje. Chembe ya vumbi inayokwaruza konea kila mgonjwa anapopepesa hupatikana hapo mara kwa mara, na ikiondolewa kwa pamba yenye maji, nafuu huja papo hapo. Upande huohuo wa ndani ndipo zinapoonekana punje na makovu ya vikope, ugonjwa wa bakteria wa klamidia ambao kwa miaka mingi huikunja kope kwa ndani hadi nywele zake ziisugue konea. Gusa pia mbele ya sikio, kwani tezi iliyovimba hapo huunga mkono virusi.

Hatua ya tano: lipe tatizo jina lake na ulitibu

Chanzo kinachoongoza ni uvimbe wa konjaktiva unaoletwa na virusi, hasa adenovirusi. Machozi hutiririka, macho hukwaruza, koo au mafua huweza kutangulia, na uoni hubaki mzuri. Ugonjwa huzidi kwa siku nne au tano za mwanzo, kisha hupungua na kuisha ndani ya wiki mbili hadi tatu. Hakuna antibayotiki inayoutibu. Kinachosaidia ni kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, machozi ya bandia na subira. Aina moja kali, inayoletwa na virusi vya jamii nyingine na kujaza damu chini ya konjaktiva, ilitambuliwa kwanza Ghana mwaka 1969, na kwa kuwa ilizuka mwaka ambao chombo cha Apollo 11 kilifika mwezini, watu waliipa jina hilohilo la Apollo. Hutisha zaidi lakini huondoka upesi zaidi.

Bakteria huleta usaha wa njano au kijani unaorudi muda mfupi baada ya kufutwa, na kope hugandana asubuhi. Kugandana peke yake hakuthibitishi bakteria, kwa maana ute wa virusi nao hukauka usiku. Maambukizi mengi ya namna hii hupona yenyewe, ila antibayotiki huyafupisha: matone ya kloramfeniko kila baada ya saa 2 kwa siku mbili, kisha mara 4 kwa siku mpaka zitimie siku tano, au mafuta ya tetrasaiklini. Usaha mwingi kupita kiasi, unaofurika tena dakika chache baada ya kusafishwa, pamoja na kope zilizovimba sana, kwa mtu mzima ni dalili ya kisonono, na huyo anahitaji sindano ya seftriaksoni, uoshaji wa jicho wa mara kwa mara na uangalizi wa hospitali.

Mzio hujitambulisha kwa mwasho. Mgonjwa asiyejikuna macho huenda hana mzio. Kinachomsumbua, kama ni vumbi, chavua au manyoya ya wanyama, kiepukwe kadiri inavyowezekana, na matone ya olopatadini mara 2 kwa siku au ya kromoglikati mara 4 hutuliza. Watoto, wavulana zaidi, hupata aina sugu inayojaza vinundu chini ya kope ya juu na kugeuza ukingo wa konea kuwa mzito wa kahawia. Hao wafuatiliwe na mtaalamu, kwa sababu ndio wanaopewa steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa miaka bila kupimwa.

Damu iliyovia haina tiba wala haihitaji. Hufyonzwa katika wiki mbili hivi, ikipitia rangi ya njano kama jeraha la ngozi. Pima shinikizo la damu na uliza kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda. Ikitokea baada ya pigo la kichwa na ukingo wake wa nyuma hauonekani, damu hiyo huenda imetoka kwenye fuvu lililovunjika.

Macho makavu na uvimbe wa kingo za kope ndiyo chanzo cha wekundu wa kila siku usiokwisha, ambao huzidi jioni na mbele ya kompyuta, kwa kuwa mtu anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache. Machozi ya bandia husaidia, na kwa kope kazi kubwa hufanywa na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kikifuatwa na kukanda na kusafisha kingo zake. Chokea nayo hutibiwa kwa uvuguvugu huohuo. Matone ya kuyafanya macho yawe meupe, yale yanayosinyaza mishipa, yakitumiwa kwa siku nyingi hurudisha wekundu mkubwa kuliko wa mwanzo.

Kidonda cha konea ni suala jingine kabisa. Kile cha bakteria hutibiwa kwa matone ya ofloksasini au siprofloksasini kila saa, mchana na usiku, kwa siku mbili za mwanzo, baada ya kukwangua sampuli inapowezekana. Kilichofuata jeraha la jani au mmea mwingine kishukiwe kuwa cha kuvu, ambacho huenda polepole na huhitaji natamaisini, dawa ya kuua kuvu, kwa wiki nyingi. Cha tutuko hutibiwa kwa mafuta ya asiklova ya asilimia 3 mara 5 kwa siku. Mvaaji wa lenzi aliyezioshea kwa maji ya bomba huweza kupata amiba wa konea, mwenye maumivu makali kupita kinachoonekana, na lenzi zake pamoja na kisanduku chake zipelekwe maabara. Hakuna kati ya hawa anayestahili kufungwa bendeji jichoni.

Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso, tazama ncha ya pua: malengelenge yakiwa hapo, uwezekano wa jicho kuhusika ni mkubwa. Vidonge vya asiklova vya miligramu 800 mara 5 kwa siku hufaa zaidi vikianzwa ndani ya saa 72. Mtoto mwenye surua na macho mekundu apewe vitamini A siku ya kwanza na ya pili, uniti 200,000 kila mara kwa mwenye umri wa mwaka mmoja au zaidi, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 50,000 kwa aliye chini ya hapo, kwa kuwa surua hukausha akiba ya vitamini hiyo na kuifanya konea ilainike.

Uvimbe wa airisi, yuveitisi, na uvimbe wa sklera yenyewe hutibiwa na wataalamu. Wa kwanza huhitaji matone ya steroidi pamoja na ya kupanua mboni ili airisi isigandamane na lenzi ya ndani ya jicho. Wa pili huuma kwa kina, huamsha usingizini, huipa sklera rangi ya zambarau, na mara nyingi huambatana na ugonjwa wa mwili mzima kama baridi yabisi.

Kuhusu steroidi na dawa ya ganzi

Matone yenye steroidi, kama vile deksamethasoni au prednisoloni, huondoa wekundu haraka, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Yakiwekwa kwenye kidonda cha tutuko, virusi hutapakaa konea nzima huku jicho likionekana linapata nafuu. Kwenye kuvu hali huwa mbaya vilevile. Yakitumiwa kwa wiki nyingi hupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote na huleta mtoto wa jicho. Chupa nyingi huchanganya antibayotiki na steroidi chini ya jina moja la biashara, kwa hiyo soma viambato vyote kabla ya kununua. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba steroidi haiwekwi jichoni na mtu ambaye hajaipima konea kwa fluoresini wala hana njia ya kupima presha. Matone ya ganzi nayo ni ya kumpimia mgonjwa tu. Hapewi aende nayo nyumbani, kwa sababu konea isiyohisi haiponi.

Namna ya kuweka dawa

Nawa mikono, inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini ifanye mfuko, na udondoshe tone moja bila ncha ya chupa kugusa chochote. Tone la pili humwagika tu. Fumba jicho na ubonyeze pembe ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili, ili dawa isishuke puani na kuingia mwilini. Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa timololi, ambayo inaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Dawa mbili zitenganishwe kwa dakika 5, na ya mafuta iwe ya mwisho. Chupa nyingi hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa, hata kama dawa imebaki.

Kuzuia kuenea na kufuatilia

Adenovirusi huweza kubaki hai kwa wiki kadhaa juu ya kitu kikavu, na jeli za kileo za kusafishia mikono haziviui kwa uhakika, kwa hiyo sabuni na maji ndivyo vya kutegemewa. Mgonjwa awe na taulo na foronya yake, asichangie vipodozi wala dawa za macho, na akae mbali na wengine wakati macho yangali yanatiririka, muda ambao huweza kufika siku 10 hadi 14. Kliniki zenyewe zimewahi kuwa chanzo cha milipuko kupitia vifaa vya kupimia na chupa za matone zinazotumiwa kwa wagonjwa wengi.

Maambukizi ya bakteria yanayotibiwa yanapaswa kuonyesha nafuu ndani ya saa 48 hadi 72. Yasipoonyesha, rudi hatua ya pili na uanze upya kabla ya kubadilisha chupa, kwa kuwa mara nyingi kinachokosewa ni jina la ugonjwa, wala si nguvu ya dawa. Mchubuko wa konea ukaguliwe tena baada ya siku moja au mbili. Aliyepona virusi kisha akaanza kuona ukungu wiki kadhaa baadaye apelekwe kwa mtaalamu, kwani madoa madogo huweza kubaki ndani ya konea. Damu inayovia mara kwa mara inahitaji kipimo cha namna inavyoganda, na yuveitisi inayorudi inahitaji kuchunguzwa kifua kikuu, kaswende na magonjwa ya viungo, hata kama jicho limeshakuwa jeupe siku mgonjwa anapofika kliniki.